Saketi Imekwisha, Bomba Limekauka

Kijiwe cha mashine ya kusaga pale Mitundu hakina siri wala hakina adabu. Ni benchi moja la mninga, miguu mitatu ya kwake na mmoja wa kuazima, na mbele yake Gasto na birika la kahawa juu ya jiko alilolitengeneza kwa kasha la chuma. Asubuhi hiyo Peniel alikaa na simu mkononi, ndani ya simu kuna ujumbe uliomkata maini, naye hajui aanzie wapi kuwaambia wenzake. Walimwita Chipu tangu aliporudi kutoka chuo na kuahidi kukipatia kisima cha kijiji kifaa kipya cha kuongoza pampu: iwake tangi likipungua, izime likijaa, na izime haraka kisima kikikauka, isije ikaungua. Siku aliposema mkutanoni kwamba saketi imekwisha, alipigiwa makofi mpaka mama yake akalia. Tangu hapo bomba halijatoa hata tone, na mama huyo huyo anaamka na ndoo kwenda korongoni.

Mzee Damiani, mstaafu wa reli wanayemwita Mataruma, ndiye aliyemwanza.

MATARUMA: Chipu, si ulisema saketi imekwisha?

CHIPU: Imekwisha, mzee. Nimeshaiandika yote.

MKANDARASI: Umeiandika! Na mimi nikikuandikia nyumba, utalala ndani?

Huyu Mkandarasi ni Laurian. Jina alijipa mwenyewe, na hajawahi kujenga hata banda la kuku.

CHIPU: Siku hizi saketi huchori waya kwa waya, kaka. Unaieleza kwa lugha ya fankisheni. Fankisheni ni kama hiyo mashine ya kusaga. Mahindi yanaingia, unga unatoka. Mahindi yale yale, unga ule ule, haijali imeamkaje. Unaunganisha hii na ile, ya huku inailisha ya kule, mpaka saketi nzima. Halafu kompyuta inaigeuza kuwa njia za umeme ndani ya chipu.

MATARUMA: Kwa hiyo huipi amri? Washa, zima?

CHIPU: Huipi amri. Unasema tu kitu kilivyo. Pampu inawaka pale tangi limepungua na kisima kina maji. Basi. Ni kweli saa zote.

MKANDARASI: Kweli saa zote, mbona mimi sijaoga?

Benchi likacheka, ule mguu wa kuazima ukacheza. Peniel hakucheka. Sentensi ile aliipenda kuliko chochote alichowahi kukitengeneza maishani, na kuisikia ikichekwa kulimuuma.

GASTO: Lakini uliijaribu?

CHIPU: Kwenye kompyuta, mara nyingi mno. Haikukosea.

GASTO: Na tangi likajaa?

CHIPU: Lilijaa.

MKANDARASI: Haya, mmesikia wenyewe! Tangi limejaa mara nyingi mno. Hayo maji yako wapi? Kuna watu Itigi wanaogea maji yetu!

CHIPU: Ni maji ya kwenye kompyuta, kaka.

MKANDARASI: Ndiyo hayo hayo. Maji yakimwagika hayazoleki. Haya hayajamwagika, yamefichwa.

MATARUMA: Tatizo ni lugha. Pampu imezama kwenye udongo wa hapa, wewe unaisemesha kizungu cha chuoni. Ungeiandikia Kinyaturu ingeshaamka.

GASTO: Kinyaturu kwa lipi? Kisima kilichimbwa na Mgogo.

MATARUMA: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Gasto hakujua ngamani ni wapi. Mataruma naye hakujua, ila alilitamka kwa sauti ya mwenye reli, ikabidi aachiwe.

MKANDARASI: Lugha ni lugha. Tuyachape hayo maandishi, tuyabandike kwenye pampu, ijisomee yenyewe.

Peniel akaona asiposema sasa, hatasema tena.

CHIPU: Kibao hakiji.

GASTO: Kibao gani?

CHIPU: Kile chenye chipu tupu, ambacho ningekitia saketi. Muuzaji kanitumia ujumbe leo. Hazitengenezwi tena. Saketi yangu inaweza kukaa kwenye chipu nyingine, ila nyingine nimetafuta mpaka nimechoka. Sina.

MKANDARASI: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana kilikuwa kinatembea tu, hakifiki.

Safari hii hakuna aliyecheka. Gasto akainamisha birika, yakatoka mashapo matupu. Peniel alitazama barabara na kuwaza atamwambia nini mama yake akirudi. Kazi yake ilikuwa safi, haina kosa, na haina faida kwa mtu yeyote.

Ndipo akafika Selina, aliyeolewa hapa majuzi kutoka Kinyangiri, akiswaga punda mwenye madumu. Ndiye aliyekuwa akimletea Gasto maji ya kahawa, maji ya korongoni, rangi ya udongo.

SELINA: Shikamooni.

MATARUMA: Marahaba, mama. Tumekauka, tumiminie.

SELINA: Samahani baba, mimi mgeni hapa. Kabla ya hiki cha kaka Peniel, pampu ilikuwa inawashwa na nini?

MATARUMA: Kilikuwepo cha zamani. Kilikuwa kinasinzia sinzia, ukikipiga kofi kinaamka.

SELINA: Na maji yalikuwa yanatoka?

MATARUMA: Yanatoka, mbona! Mpaka ng'ombe wanakunywa.

SELINA: Sasa si mkirudishe? Kiko wapi?

Mkandarasi akakohoa. Mataruma akatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Mitundu wanaamini jipya haliingii la zamani likiwa bado ndani, ni mkosi, na kesho yake baada ya yale makofi, Peniel akiwa Dodoma kuagiza kibao, walikwenda wote na spana wakaking'oa kwa nyimbo. Matumbo yake aliyachukua mnunuzi wa vyuma chakavu.

Gasto akajaza birika maji yale ya udongo, akalirudisha juu ya moto. Ubavuni mwa lile kasha la jiko, chini ya masizi, herufi nyekundu zilikuwa bado zinasomeka: PAMPU YA KIJIJI. USIGUSE.

Selina alikuwa bado amesimama, kamba ya punda mkononi, akingoja kujibiwa.