Sampuli na Madaktari Wake Watatu

Benchi liko mbele ya kibanda changu cha kushona, na mbao zake nilizipigilia mimi mwenyewe, lakini ukiwasikia wanavyoongea pale utadhani mimi ndiye mpangaji. Wanakuja asubuhi, wanakunywa kahawa, wanaitawala dunia, na mimi nahangaika kutunga uzi kwenye sindano maana migongo yao imeziba mwanga wote. Yupo Kinyozi wa mlango wa pili. Yupo Dalali wa nyumba, ambaye mwenyewe kapanga. Yupo Fundi Saa, anayechelewa kila mahali. Muuza Kahawa anasimama na birika lake. Katikati anakaa Sampuli. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu ana kisukari, ana presha, figo nazo zimechoka, na kila akikanyaga hospitali lazima atolewe damu ya kupima. Ana madaktari watatu kwenye korido moja, kila mmoja na chumba chake na faili lake. Siku hiyo alikuja na plasta kwenye paji la uso, na amenuna kweli kweli.

Kinyozi: Weee! Sampuli, nani kakupiga?

Sampuli: Kizingiti. Nimeamka vizuri tu, kizunguzungu kikanishika, nikajikuta nimelala mlangoni kama zulia.

Dalali: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Sampuli: Mkuu yupi? Mimi nina wakuu watatu na hawasalimiani!

Muuza Kahawa: Haya, kunywa kwanza. Bila sukari, najua.

Sampuli: Kesho narudi kwa daktari wa figo. Kaniambia, "Mzee, nataka kujua dawa zote unazopewa na wenzangu. Bila hivyo siwezi kukuanzishia dawa mpya, na figo zako hazina muda wa kusubiri." Nikamwambia, mwanangu, wenzako si hao hapo ukuta wa pili? Gonga ukuta!

Fundi Saa: Akagonga?

Sampuli: Eti faili la moyo halitoki chumba cha moyo. Nikaenda chumba cha moyo. Nikaambiwa daktari kaenda semina, na faili kalifungia kabatini. Nikaenda kwa wa kisukari. Wakaniuliza, "Mzee, umeanza kuumwa lini?" Naenda pale tangu ndevu zangu nyeusi! Halafu wakanitoa damu.

Muuza Kahawa: Ulikwenda kuuliza faili, wakakutoa damu?

Sampuli: Nilikosea. Nilikaa kwenye kiti.

Kinyozi: Lakini dawa si unameza wewe? Huzijui?

Sampuli: Nazijua kwa rangi. Maboksi hayaenei mfukoni, nikayatupa, zote nikazitia kwenye kopo moja. Asubuhi nameza nyeupe, nyekundu na ile ndefu. Usiku nyeupe tena, na ya njano.

Fundi Saa: Ndiyo hivyo, haba na haba hujaza kibaba.

Sampuli: Kibaba kimejaa, ndugu yangu. Kimemwagikia mlangoni.

Hapo Dalali akapandisha mguu juu ya mguu. Dalali akipandisha mguu, mimi huweka kitambaa chini, maana kazi haitaendelea.

Dalali: Nisikilizeni mimi niliyeishi na biashara. Mgonjwa ni mteja. Mimi nikiwa na mteja wa nyumba, nitamwonyesha dalali mwenzangu? Nina wazimu? Ataninyang'anya! Daktari wa moyo anakuficha wewe, Sampuli. Wewe ni kiwanja cha kona.

Kinyozi: Acha wee. Hiyo si biashara, hiyo ni ndoa. Sampuli ameoa mitala. Mke mkubwa kisukari, wa pili moyo, mdogo figo. Mwanamume mwenye akili hasemi nyumba ndogo alichokula nyumba kubwa. Kisukari anampikia, figo anampikia, kila mmoja anadhani mume analala njaa.

Muuza Kahawa: Ndiyo maana kavimbiwa dawa.

Sampuli: Mahari sikutoa lakini.

Kinyozi: Hujatoa? Ile damu yote ni nini?

Wakacheka mpaka benchi likalia. Sampuli naye alicheka, ila mkono wake ulikuwa umeshika ile plasta. Fundi Saa hakucheka. Alisubiri watulie, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayetaka kutaja mwizi.

Fundi Saa: Sampuli. Umewahi kuwaona wote watatu pamoja?

Sampuli: Wapi! Nikimkuta huyu, yule kaenda semina.

Fundi Saa: Basi. Ni mtu mmoja.

Dalali: Nini?

Fundi Saa: Daktari ni mmoja! Ana makoti matatu. Huku anavaa miwani, kule anaweka ndevu. Faili atampelekea nani, ajipelekee mwenyewe?

Sampuli: Wa figo ni mwanamke.

Fundi Saa: Ndipo ujue ni mjanja!

Kinyozi: Mimi nasema kitu kimoja tu. Nyani haoni kundule. Watu wazima, wasomi, wanapita korido moja, choo kimoja, na hawawezi kuambiana neno juu ya mzee wa watu. Aibu!

Wote: Aibu!

Wakati wanaitikia hiyo aibu, akatokea mkwe wa Sampuli, mke wa mwanawe, ambaye ndiyo kwanza amehamia pale nyumbani. Kashika kopo la dawa.

Mkwe: Shikamooni, wazee wangu.

Wote: Marahaba, mwanetu.

Mkwe: Baba, umesahau kopo lako. Na samahani, nilitaka kuuliza. Hospitali huwa unakwenda na nani?

Sampuli: Na hawa hapa. Sitembei peke yangu na kizunguzungu hiki. Jumatatu Kinyozi hafungui, basi ananipeleka moyo. Kisukari ananipeleka Fundi Saa. Figo ni Dalali.

Mkwe: Huwa wanaingia hadi ndani?

Sampuli: Hadi ndani. Masikio yangu siku hizi yanachagua maneno. Wao ndio wanaosikia, na dawa dirishani wanachukua wao.

Mkwe: Sasa si wanazijua?

Kinyozi akakohoa.

Kinyozi: Mwanangu, mimi ya moyo naijua, tena kwa jina. Lakini siwezi kusema. Daktari alinitazama machoni akasema, "Haya ni siri ya mgonjwa."

Dalali: Hata mimi nimeambiwa.

Fundi Saa: Mimi sijamwambia hata mke wangu.

Nilitaka kulia. Watu hawa walitangaza ugomvi wangu na mama mkwe kabla haujaisha. Wanajua nani kahama usiku na nani kanyolewa kwa mkopo. Maisha yao yote wametunza siri moja tu, na ndiyo hii.

Sampuli: Mgonjwa ndiye mimi! Siri ni yangu! Semeni!

Kinyozi: Haya. Ya moyo ni ile nyeupe yenye mstari katikati, ya presha. Asubuhi. Inaitwa amlodipini.

Dalali: Wapi! Nyeupe yenye mstari ni yangu, ya figo. Inateremsha presha figo zipumzike. Usiku.

Kinyozi: Inaitwaje?

Dalali akatazama kopo, akatazama ile plasta.

Dalali: Amlodipini.

Sampuli akaweka kikombe chini. Mkwe akaketi ukingoni mwa benchi, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kuketi.

Mkwe: Kumbe baba anameza dawa moja mara mbili.

Fundi Saa: Yaani kumbe... ndiyo kile kizingiti.

Mkwe: Nisameheni, wazee wangu, mimi ni mgeni. Wale madaktari wametengwa na kuta. Nyinyi mmetengwa na nini?

Dalali akashusha mguu. Kati yao hapakuwa na ukuta. Alikuwepo Sampuli tu, naye siku hizi amekonda, hazibi kitu. Fundi Saa akanyoosha kikombe aongezewe, apate cha kufanya. Muuza Kahawa akainamisha birika, likatoa tone moja.

Muuza Kahawa: Imekwisha.

Sampuli: Sasa usiku wa leo nimeze, nisimeze?

Hakuna aliyekuwa na methali.

Sampuli: Basi inukeni. Si kesho, leo hii, yule mama wa figo bado yupo. Faili halitoki chumbani, lakini nyinyi mna miguu. Mtapanga mstari mbele yake, kila mmoja aseme ya kwake. Na wewe fundi cherehani, njoo na futi yako. Mtu pekee anayejua nimekonda kiasi gani ni wewe.

Kinyozi: Nivae suti?

Sampuli: Vaa mdomo.

Wakaondoka, mkwe mbele na kopo lake, Sampuli katikati, Fundi Saa akikimbia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Benchi likabaki tupu, na mwanga wote ukamwagika kibandani. Nikatunga uzi mara moja tu. Kisha nikauacha uning'inie, nikavaa futi shingoni, nikafunga mlango, nikawafuata.