Jumamosi Hii Shangazi Hayumo Kwenye Zamu

Baada ya miaka ishirini na saba ya kukaanga, kupanga na kupangua, mkuu wetu wa zamu anastaafu rasmi leo, Jumamosi, tarehe 30 Novemba. Jina lake lipo kwenye mkataba, lakini hapa dukani hakuna anayelitumia. Meneja humwita Shangazi. Mleta gesi humwita Shangazi. Hata wateja wa dirishani wakiona wanacheleweshwa hupaza sauti: "Kwani leo Shangazi hayupo?" Basi na kwenye karatasi hii atabaki kuwa Shangazi.

Sherehe ni saa tisa alasiri, kwenye meza za mbele, wateja wa mchana wakiwa wamepungua na wa jioni hawajaanza kufurika. Mwenye sherehe atakuwepo. Ninaliandika hilo kwa furaha isiyo ya kawaida, maana hadi katikati ya wiki hii tulikuwa tunaelekea kumuaga mtu ambaye saa hiyohiyo amepangiwa kukaanga chipsi. Nitalifikia hilo. Kwanza tuseme kazi yake.

Aliingia hapa akiwa mama wa watoto wawili wadogo, akawekwa nyuma kwenye ndoo za viazi. Enzi hizo viazi vilimenywa kwa kisu, havikuja vimekatwa na kugandishwa kwenye mifuko kama sasa. Kutoka kwenye ndoo akahamishiwa kwenye baga, na kutoka kwenye baga akakabidhiwa karai. Ile ni mashine ya umeme, ina vitufe na taa, lakini siku ilipoletwa yeye aliitazama juu hadi chini akasema, "Karai ni karai tu," na jina likaganda. Alipopandishwa kuwa mkuu wa zamu hakuliacha. Mtu akiugua, mtu akikwama njiani, ukigeuka unamkuta yeye yuko pale, mikono ya shati imekunjwa, kama vile hakuna kilichotokea.

Wateja anawapenda, ila hawaogopi. Kuna bwana mmoja alitaka baga bila mkate, tena bila nyama, tena bila sosi. Shangazi akaandika yote kwa heshima zake zote, kisha akamwuliza, "Kwa hiyo, baba, nikufungie karatasi?" Bwana yule alicheka mpaka akaagiza baga mbili kamili. Bado anakuja, na bado akifika kaunta anaanza kwa kuagiza karatasi.

Lakini kitu alichotufanyia zaidi ya vyote ni kutulindia saa zetu.

Wazee wa hapa wanakumbuka meneja wa zamani, yule aliyekuwa akisimama mlangoni watu wanapovua aproni na kutangaza, "Leo hakuna kuondoka!" Ndivyo saa za ziada zilivyokuwa zikigawiwa. Siku moja ya likizo za shule, foleni imefika barabarani, akatangaza hivyohivyo. Shangazi akavua aproni, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, akamwekea mkononi. Akamwambia, "Bosi, saa zangu ukizitaka, niombe. Ukiniomba huenda nikakupa." Hata wa baga waliacha kugeuza nyama. Meneja akaomba. Shangazi akavaa aproni yake, akafanya kazi mpaka foleni ikaisha, na akalipwa. Tangu siku hiyo saa za ziada hapa zinaombwa, tena mapema, kabla ya mapumziko ya chakula, na anayekataa hanuniwi.

Halafu kuna habari ya mikate. Mwenzetu mmoja alifunga duka usiku, akafika nyumbani akageuka tu, akarudi kufungua asubuhi. Akakaa "kidogo tu" juu ya mifuko ya mikate ya baga. Alipoamka, wateja wanagonga kioo na mikate imekuwa bapa kama ndala. Meneja huyohuyo wa zamani alitaka kumfukuza palepale. Shangazi akauliza swali moja: huyu jana aliondoka hapa saa ngapi? Meneja akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia katikati, akaingia ofisini. Siku hiyo tuliuza baga bapa na wateja walidhani ni mtindo mpya. Na kuanzia hapo ikawa sheria ya duka: aliyefunga leo, jua lote la kesho ni lake. Hapangiwi kitu mchana ule, awe amependa mwenyewe au hakupenda.

Sheria yake ya tatu ndiyo wengi wetu tunaishi nayo. Mtu akiomba kubadilishiwa zamu, mwulize siku, usimwulize sababu. Kuna mwenye mgonjwa, kuna mwenye mtihani, kuna mwenye mchumba. Yeye husema ukianza kumhoji mtu, utamfundisha kudanganya, na kesho hutajua lini anasema kweli. Mimi nilirudi kazini mtoto wangu akiwa bado ananyonya. Shangazi alitoa maboksi ya vikombe kwenye stoo ndogo, akaingiza kiti, na mdogo wangu akawa ananiletea mtoto wakati wa mapumziko. Siku moja mkaguzi wa stoo alitaka kuingia kuchukua mirija. Nilimsikia Shangazi huko nje akimwambia, "Mirija iko kaunta, baba. Humo kuna mtu anakula." Na kweli alikuwa anakula.

Sasa nije kwenye mkasa wa wiki hii.

Jumamosi ndiyo siku ya wateja wengi, duka halifungwi. Ilibidi wabaki watu watatu kazini wakati wa sherehe: kaunta, dirishani na kwenye karai. Kaunta na dirisha tukaazima watu kutoka tawi letu la pili, lakini karai hakuna anayeazimisha mkaangaji Jumamosi. Aliyepangwa kwenye karai alikuwa Mluzi, ambaye hukaanga huku akipiga mluzi. Mluzi hakutaka kukosa sherehe, akambembeleza mtu wa baga wabadilishane. Mtu wa baga akakubali, akajuta, akambembeleza Dada Sosi, yule anayejaza chupa za sosi. Dada Sosi hajui kusema hapana. Akasema sawa, akaenda chooni akalia kidogo, akanawa uso, akatoka kumtafuta mtu mwingine asiyejua kusema hapana.

"Shangazi, naomba unishikie zamu Jumamosi mchana. Nina sherehe ya mtu wangu wa karibu sana."

"Nenda, mwanangu. Watu wa karibu hawachezewi."

Hakuuliza sherehe ya nani. Angeulizaje, na sheria ni yake? Naye Dada Sosi anaapa kwamba hadi anaondoka pale alikuwa ameshukuru tu, kichwa hakijamwambia kitu.

Jumanne ratiba mpya ikabandikwa kwenye mlango wa jikoni. Mluzi akaisoma kwa sauti, akafika kwenye karai, akasimama. Akasoma tena. Hapo ndipo jikoni palipolipuka. "Yaani tunamuaga huku anatukaangia?" "Zawadi tutampa kwa koleo!" "Na hotuba tuisomee dirishani, kama oda!" Dada Sosi alijifunika uso kwa aproni akakataa kuifunua.

Tulidhani ni jambo la kucheka na kurekebisha. Kumbe tulisahau tunashughulika na nani. Dada Sosi alikwenda kuirudisha zamu yake, Shangazi akakataa. Mluzi akajitolea, akakatazwa. Meneja akasema yeye atampangua, akakumbushwa kwamba ratiba ikishabandikwa haipanguliwi bila mwenye zamu kuridhika. "Nimeshampa mtoto wa watu neno langu," Shangazi akasema. "Niondoke hapa siku ya mwisho nikiwa nimeanza kugeuza maneno? Ninyi semeni huko mezani kwa sauti, nitasikia."

Mtu anaweza kudhani ni ukaidi wa mchezo. Haukuwa mchezo. Miaka yote hii Shangazi hajawahi kuwa na Jumamosi yake, ofu yake ni Jumatatu. Mzee wake, fundi cherehani, husema duka ndilo lililomuoa mkewe, yeye amekodishiwa Jumatatu tu. Mzee huyo alishashona gauni la sherehe na kufunga cherehani kwa siku hii. Aliposikia habari alikuja dirishani, akaagiza chipsi asizozitaka, ili apate tu kutuuliza kama hilo gauni alivalishe karai. Alicheka alipouliza. Lakini chipsi hakuzigusa, na alipoondoka hakuna aliyerudia ule utani wa koleo.

Wazo lilizaliwa kwenye foleni ya kunawa mikono. Sisemi la nani. Mimi nilikuwa na zamu ya kufunga Ijumaa. Jumatano nikamfuata Shangazi, nikamwomba anishikie. Sikutoa sababu, naye hakuuliza. Alisema ndiyo hata sijamaliza sentensi, akanishika shavu, akaniambia nikalale.

Dakika hiyohiyo meneja akaandika jina lake kwenye Ijumaa, kufunga. Kisha akashuka mstari mmoja hadi Jumamosi, mchana, karai, akalikata kwa wino mwekundu. Sasa hakuhitaji ridhaa ya mtu. Aliyefunga leo, jua lote la kesho ni lake, apende asipende.

Shangazi alisimama mbele ya mlango ule, mikono kiunoni, akasoma Ijumaa, akasoma Jumamosi, akarudi Ijumaa. Sisi tulikuwa tumejipanga nyuma kama watoto waliovunja kikombe. Akageuka taratibu. "Mmeniweza," akasema. "Mmenifungia ndani kwa kufuli langu mwenyewe." Na akaanza kucheka, kile kicheko chake kinachomfanya ashike meza, na Mluzi akapiga mluzi mpaka wateja wakachungulia.

Jana Ijumaa alifunga, lakini hakufunga peke yake. Watu waliokuwa ofu walikuja kuosha trei na kusugua sakafu. Alituamuru turudi nyumbani, na hakuna aliyesikia, kwa sababu mabomba yote yalikuwa yamefunguliwa kwa nguvu.

Na leo kwenye karai? Meneja mwenyewe! Shangazi ndiye aliyemfundisha kukaanga, zamani, meneja akiwa bado anapanga soda kwenye friji. Hajashika koleo tangu apate ofisi. Tangu Alhamisi anafanya mazoezi, nasi tumekula majaribio yake yote. Za kwanza zilikuwa nyeupe kama chaki, za pili tukaziita mkaa. Za jana jioni zilikuwa chipsi. Tulimpigia makofi.

Meneja, najua utaisoma karatasi hii kabla ya kuichapa, kwa hiyo nasema na wewe pia. Shangazi anaondoka, sheria zake haziondoki naye. Saa za ziada zitaombwa, aliyefunga atapumzika, na mwenye shida hatahojiwa. Ulikubali mbele yetu sote, nasi tumefurahi, na mkuu mpya wa zamu atazikuta zikiwa kazini. Sentensi hizi usizipunguze hata kama karatasi haitoshi. Punguza ile ya chaki.

Shangazi, asante. Asante kwa stoo ya vikombe, kwa kila asubuhi tuliyolala kwa sababu ulisimama mbele ya mtu, kwa ndiyo zako zote ambazo hazikuwa na maswali. Wapo watoto mjini hapa waliowaona mama zao mchana kwa ajili yako, na hawakujui hata kwa sura. Tunakutakia afya, usingizi usiokatishwa, siku za nyumbani mpaka mzee wako achoke kukutazama, na Jumamosi ndefu, nyingi, moja baada ya nyingine.

Kiti chako ni kile kinachotazama barabara. Tumekigeuza mgongo wake uelekee jikoni kwa makusudi. Utasikia karai likilia kwamba chipsi zimeiva, na miguu yako itataka kwenda. Kaa, Shangazi. Kuna mtu.