Historia ya Mama Bado, Mtunza Vifaa vya Kliniki ya Meno

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, familia inawasomea maisha ya mama yetu kama alivyoyaishi. Kabla hatujaanza mjue kwamba juzi alikuja mtu kutoka ofisi ya kliniki, akatoa pole, akaomba kwa upole mwaka 2007 tuuruke, au tuseme tu kwamba marehemu alipumzika kazi kwa muda. Tulimpa kiti na chai, tukamsindikiza hadi njiani, na mwaka huo tutausoma wote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mpasua mbao na mkewe. Alianza shule ya msingi Januari 1969, akamaliza darasa la saba Novemba 1975, na hakuendelea kwa kuwa nafasi ilikuwa ya kaka yake, jambo ambalo hakumlaumu mtu kwalo, ila kila daftari la kaka lililojaa alilisoma toka jalada hadi jalada.

Tarehe 2 Julai 1984 aliajiriwa kufagia katika kliniki ya meno ya jamii, yenye viti viwili vya wagonjwa na benchi moja refu la kusubiria, na daktari wa kwanza pale, mama mpole aliyekuwa akimwachia nusu ya mkate wake kila asubuhi, alipoona anavyofagia hadi chini ya kabati, akamhamishia chumba cha vifaa. Huko alifundishwa kusugua koleo za kung'olea meno na vioo vidogo vya kuchungulia, kuvifunga katika pakiti, na kuvipika katika mashine ya mvuke, ambayo wenyewe waliiita chungu. Nje ya pakiti hubandikwa utepe unaotoa mistari myeusi ukipata joto, na ndani hutiwa karatasi inayobadilika rangi pale tu mvuke unapopenya hadi kwenye vifaa vyenyewe. Madaktari wakigonga dirisha kumharakisha, jibu lilikuwa bado, wakigonga tena, bado, na jina la Mama Bado likamganda.

Jina hilo ndilo lililomletea mume. Fundi baiskeli mmoja alifika shavu limevimba kama mpira, akasubiri saa nzima pakiti iive, akang'olewa jino, na kesho yake alirudi bila maumivu yoyote, kumuuliza aliyemchelewesha kama hata kwenye mambo mengine huwa anasema bado. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa watoto wanne, waliozaliwa 1987, 1990, 1994 na 1999, na wajukuu sita. Baba alitangulia tarehe 11 Mei 2015.

Sasa mwaka 2007. Alhamisi, tarehe 9 Agosti, wagonjwa walijaa hadi barazani, na marehemu, kwa kuwahurumia waliokuwa wameshika mashavu, alifanya kosa ambalo kwa miaka ishirini na tatu hakuwahi kulifanya, alizishindilia pakiti ndani ya chungu, zikabanana kama nguo kwenye sanduku. Tepe za nje zilitoka na mistari yake, akazipitisha, na madaktari nao kwa haraka hawakuangalia karatasi za ndani. Saa tisa alasiri aliifungua mwenyewe pakiti ya mwisho, akakuta karatasi nyeupe vile vile, maana yake mvuke haukupita, na wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wameshahudumiwa.

Alikwenda kwa msimamizi, akasema kosa ni lake, na wagonjwa waambiwe wakapimwe damu. Msimamizi alimwambia hakuna aliyelalamika, afunge chumba aende nyumbani. Marehemu akajibu, "Hawajalalamika kwa sababu hawajui. Mimi najua."

Alinakili majina kumi na moja, na kwa siku tatu alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu, akieleza kosa lake mlangoni. Mama mmoja, ambaye mtoto wake aling'olewa jino siku ile, alimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Mzee kinyozi, nyumba ya pili, alimpa kigoda na taulo ajifute, akasema hajawahi kuona mtu akibisha hodi kuleta aibu yake mwenyewe. Wote walipimwa, wakapimwa tena baada ya miezi mitatu, wakakutwa salama.

Tarehe 20 Agosti alipewa barua ya kufukuzwa kazi, iliyotaja uzembe na kuchafua jina la kliniki. Kwa miezi kumi na sita alifua nguo za watu, na wapo waliovuka barabara wasimsalimie. Waliomrudisha ni wale kumi na mmoja. Kila aliyekwenda kutibiwa alikaa kitini, akauliza nani kapika vifaa, akisikia si Mama Bado anafumba mdomo, na kinara wao alikuwa yule mama aliyemwaga maji, ambaye siku moja alikaa kitini asubuhi nzima, midomo kaibana, daktari akimbembeleza kama mtoto anayekataa uji.

Alirudi kazini tarehe 5 Januari 2009 kwa sharti moja, kwamba pakiti ifunguliwe mbele ya mgonjwa na karatasi ya ndani aonyeshwe, na ndivyo inavyofanyika pale hadi leo. Alistaafu tarehe 31 Machi 2021. Barua ya uzembe haikutolewa kwenye faili lake.

Kosa alilifanya, hatulifichi, kwa kuwa yeye hakulificha. Uzembe ni kujua na kunyamaza, na aliyejua akanyamaza si yeye.

Alianza kuugua figo Oktoba 2022, akalazwa mara nne, akafariki hospitalini Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, watoto wake wakiwa wameshika mikono yake.

Tunawashukuru madaktari, na hasa muuguzi mmoja wa zamu ya mchana, ambaye hakuwahi kuchoshwa na maswali yake kuhusu usafi wa vifaa. Tunawashukuru majirani waliotuchotea maji wiki nzima, na wafanyakazi wa kliniki waliokuja leo bila kutumwa, nao wanajua tumewaona.

Jumatatu asubuhi watoto wote wanne watakuwa ofisini kwa msimamizi, na hawataondoka bila barua ile ya uzembe kutolewa kwenye faili. Pumzika kwa amani, mama, hilo tuachie sisi.