Mama Florentine na Mstari wa Wagonjwa Wazima

Kwanza naomba radhi. Wasifu huu wa Mama Florentine ulipaswa kusomwa tarehe 31 Mei, siku alipostaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali yetu hapa Kalemie. Mimi njo nilichaguliwa kuuandika, kwa sababu siku ya kuchagua sikuwepo. Kisha mtoto akaanza kuota meno. Keki imeliwa, mwenyewe amekwisha kurudi kwao Ankoro, na mimi ni leo tu nimepata mkono mmoja wa kuandikia.

Alianza kwa kuosha vyumba, akasomea kuzalisha, akawa mkubwa wa maternite, wodi ya wazazi. Watoto aliowapokea wamejaa mjini. Wengine wamekuwa polisi wa barabarani, na hakuna hata mmoja anayethubutu kumsimamisha.

Lakini sisi tutamkumbuka kwa ile consultation.

Mwaka jana paa la maternite lilianza kuvuja, wakubwa wakataka kufunga kazi ya usiku mpaka litengenezwe. Ilibidi wafanyakazi waulizwe kwanza. Tangazo likabandikwa: consultation ya wafanyakazi wote, Jumatatu asubuhi. Walimaanisha mashauriano. Kwetu watu wa hospitali, consultation ni docta kukupima. Tulifurahi sana, maana sisi hakuna aliyewahi kutupima.

Jumatatu kila muntu alikuja bila kunywa chai, na mkojo wake kwenye kichupa. Mimi nilikuwa na mimba kubwa na vichupa viwili, kimoja cha mume wangu, ambaye hata si mfanyakazi. Mbele kabisa alisimama Mama Florentine na kofia yake nyeupe. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi wakituangalia. Hakuna mgomo uliowahi kusimamisha hospitali vizuri namna ile.

Directeur, mkubwa wa hospitali, Docta Prospère, alipofungua mlango na kutueleza, tulitafuta pa kuficha vichupa. Papa Blanchard wa farmasi alitia chake mfukoni, kifuniko hakikushika. Mama Florentine peke yake hakutoka mstarini. Aliweka kichupa juu ya meza ya directeur, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa.

"Docta, umeita consultation, basi niulize naumwa na nini. Naumwa na huu usiku munaotaka kufunga. Mama anayetoka Katanika kwa miguu atazalia nje ya geti, na mimi nitakuwa nimelala kwangu."

Nyuma yake tukaingia mmoja mmoja, kila mtu akasema panapomuuma. Mwishowe Docta aliacha usiku ubaki wazi, akatoa chumba chake cha mikutano tuzalishie humo. Mwanangu Chancelle alizaliwa juu ya ile meza ndefu ya mikutano. Mpaka leo mtoto wanamuita Mama Ajenda.

Mama, asante. Tunakuombea usingizi mrefu huko Ankoro, usiku mzima bila mtu kukugongea mlango.

Ila Docta Prospère amehamishwa, na directeur mpya ametangaza consultation nyingine, juu ya usiku uleule. Safari hii maana ya neno tunaijua, na mstari tutaupanga vilevile. Kwa hiyo mpe yeyote anayekuja Kalemie atuletee: ufunguo wa kabati la nguo za watoto, ambao uliondoka nao shingoni; sufuria ya kuchemshia maji, ambayo Mama Clémentine wa jikoni anasema si yako; kofia yako nyeupe, aivae atakayesimama mbele; na kile kichupa cha siku ile, tunajua umekitunza. Ukioshe kwanza.