Palizi ya Kunde za Mama

Fundi: Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?

Dada: Dada yako! Nimeazima simu ya muuguzi, tufupishe.

Fundi: Shikamoo, dada.

Dada: Marahaba. Mama leo kaamka vizuri, kanywa uji. Swali lake la kwanza: kunde.

Fundi: Kunde?

Dada: Za katikati ya mahindi. Zimeanza kutambaa?

Fundi: Mahindi yamenawiri, dada. Mvua imepiga, yaani—

Dada: Sijauliza mahindi.

Fundi: Mtandao unakoroma huku.

Dada: Mimi nakusikia vizuri sana. Umefanya nini?

Fundi: Nilipalilia.

Dada: Wapi?

Fundi: Katikati. Mistari imeachana mpaka mkokoteni unapita, nikajua magugu yamepata uwanja. Nikasema mkirudi mkute shamba safi. Nimelima mpaka viganja vikachubuka—

Dada: Zote?

Fundi: Mimi fundi viatu, dada, majani yote nayaona sawa—

Dada: Nimeuliza, zote?

Fundi: Na maboga.

Dada: Hata maboga!

Fundi: Dada?

Dada: Nafasi ile tuliiacha makusudi. Mahindi ni ya mwisho wa msimu. Kunde ndizo tungekula kabla. Na mbegu yenyewe mama anayo tangu anaolewa. Safari hii hakubakiza hata punje.

Fundi: Najua. Jirani aliniambia.

Dada: Lini?

Fundi: Jembe likiwa mkononi. Alisimama pale uani kwake: "Mwanangu, hayo si magugu." Nikamwambia... achunge shamba lake.

Dada: Wewe! Mama wa watu, aliyesaidiana na mimi kumbeba mama mpaka kwenye gari?

Fundi: Tena watu wanasikia. Siku hizi napita njia ya nyuma.

Dada: Subiri, mama anauliza unasemaje.

Fundi: Usimwambie, nakuomba—

Dada: [kwa mbali] Anasema mahindi yamenawiri, mama. [karibu] Umeona? Na mimi umeniingiza. Sikiliza: msimu uliopita mama alimgawia jirani mbegu ile ile. Nenda kaombe.

Fundi: Kwa sura gani?

Dada: Hiyo hiyo uliyonayo. Sasa hivi. Na simu usikate.

Fundi: Mvua inanyesha, da—

Dada: Nenda! Salio la muuguzi linateketea.

Fundi: [anahema, matope yanalia chini ya viatu] Hodi hapa... Shikamoo, mama.

Jirani: Marahaba. Ingia ndani, utalowa.

Fundi: Hapa hapa panatosha. Nime... nilikuvunjia heshima, mama. Nisamehe. Nilikuwa naomba, kama ipo, ile mbegu—

Jirani: Iko mezani tangu juzi. Nilikuwa namngoja mwenye mdomo aje nao.

Fundi: [anapangusa viganja kwenye shati]

Jirani: Pokea basi. Kwa mikono miwili, zisimwagike. Kesho nitapita nikuonyeshe jani lake.

Fundi: Asante, mama. Dada, umesikia? Dada... mwambie mama ukweli. Mwambie ni mimi. Haloo? Dada? Halo—

[Salio limekwisha.]