Mkazi Mmoja wa Isongole

Mtaani Bagamoyo, hii yetu ya Tukuyu, si ile ya pwani, kuna benchi refu chini ya bati la Lukasi, fundi viatu. Mvua ikianza, na Tukuyu mvua haichelewi kuanza, watu hujibana hapo, Mama Sunday akawamiminia kahawa, na hapo hakuna jambo duniani linalokosa wa kulifafanua. Lukasi wanamwita Jaji, kwa kuwa hukumu yake haina rufaa. Ambwene wa bodaboda ni Satelaiti. Kila habari yeye aliipata jana. Na Geresoni, mzee wa miaka sitini na tisa aliyestaafu kiwanda cha chai, ni Mkuu wa Majani. Jumamosi hiyo Mkuu wa Majani alikuja amevaa koti la kanisani, maana siku yake ilikuwa imefika.

Miaka minne nyuma alikuja mtafiti wa chuo kikuu, Daktari Bupe, anayesomea udongo na maji. Geresoni alimtembeza siku tatu milimani Isongole alikozaliwa, akamwonyesha vijito sita ambavyo havikauki hata kiangazi kikali, akamtajia kila kimoja kwa jina lake. Tangu hapo kijiwe chote kilijua kwamba Geresoni yumo kitabuni. Kilichokosekana ni kitabu tu. Sasa Mwalimu Julius alikuwa amepiga simu: shule imepokea boksi la vitabu vipya vya kitaaluma, cha historia, cha lugha, cha maisha ya wakulima, na kimoja cha udongo na maji ya Rungwe.

Julius alifika na kitabu ndani ya mfuko wa nailoni. Akaufuta mkono kwenye suruali kabla ya kukitoa.

— Kiko kwa Kiingereza, mzee. Nitatafsiri. Ukurasa wa mia na kumi na mbili.

— Soma polepole, alisema Geresoni. Hatuna haraka.

Julius alisoma. Vijito vilikuwemo, vyote sita, na majina yake yameandikwa sawasawa. Kitabu kilisema maji yake hupita chini ya tabaka la majivu ya volkano, ndiyo maana hayakauki, na kwamba jambo hilo wataalamu hawakuwa wamelipata kwenye ramani yoyote. Geresoni alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi kama mtu anayehakiki kazi ya mwanafunzi wake.

— Halafu mwisho hapa, Julius aliendelea, wanasema: taarifa hizi zilitolewa na mkazi mmoja wa Isongole.

Geresoni alingoja.

— Endelea.

— Imeishia hapo, mzee. Wanaingia kwenye viazi.

Geresoni alikichukua kitabu, akapitisha kidole kwenye mstari ule kana kwamba jina lilikuwa limefunikwa na vumbi. Miaka minne ametembea nalo kifua mbele. Mkewe alikuwa ameshaiambia kwaya nzima.

Kijiwe hakikumwacha apate aibu peke yake.

— Ngoja nikuweke sawa, Mkuu, alisema Ambwene. Hapo wamekulinda. Kampuni za maji ya chupa zikijua kuna mzee Tukuyu anavijua vijito visivyokauka, kesho wako mlangoni kwako.

— Sheria inasema hivyo hivyo, Lukasi alidakia, sindano ya viatu mdomoni. Shahidi mkubwa hatajwi jina. Wanaotajwa ni wale wadogo wadogo.

— Si kampuni tu, aliendelea Ambwene. Nchi. Kuna nchi hazina maji kabisa. Wanaweza kukuchukua.

— Kunichukua kwenda wapi, Ambwene?

— Jangwani. Uwaonyeshe vijito.

— Jangwani hakuna vijito.

— Ndiyo maana wanakuhitaji.

Lukasi akatoa sindano mdomoni ili hukumu itoke vizuri.

— Sikilizeni. Wameandika mkazi mmoja. Isongole ina wakazi wangapi? Maelfu. Wameandika mmoja. Maana yake kitaaluma, huyu ndiye Isongole. Wengine wote wanaishi kwake.

Julius alijaribu kueleza kwamba watafiti wana utaratibu wa kuficha majina ya waliohojiwa ili wasipate usumbufu, na kwamba huenda Daktari hakumwuliza kama anapenda atajwe. Hakuna aliyemsikiliza. Maelezo yake yalikuwa mafupi mno.

— Mimi sikutaka usumbufu wala kulindwa, alisema Geresoni. Nilitaka jina. Mtu akikupa kitu, unasema amekupa fulani. Kuna ugumu gani?

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi dada mmoja mwenye sare ya nesi chini ya sweta, aliyejibanza hapo kukwepa mvua. Anaitwa Modesta, amehamishiwa Tukuyu kutoka Singida, ana wiki mbili tu. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, mzee wangu. Na wewe hivyo vijito alikuonyesha nani?

— Mimi? Mama Erasto. Jirani yetu. Nikiwa nachunga ng'ombe wa baba, mwaka wa ukame, yeye ndiye aliyetupitisha sisi watoto kijito hadi kijito. Kila jina alinifundisha yeye.

— Daktari ulimwambia?

— Nilimwambia bibi mmoja wa pale kijijini.

Geresoni aliyasikia maneno yake mwenyewe. Mvua ilikuwa ikipiga bati.

— Huyo Mama Erasto jina lake nani? Modesta aliuliza, bila kejeli yoyote.

Geresoni alimtazama Lukasi, Lukasi akatazama kiatu. Satelaiti naye siku hiyo hakuwa na habari. Erasto mwenyewe alikwishafariki, na mama yake alitangulia zamani.

— Tulimwita Mama Erasto, alisema Geresoni hatimaye. Wote.

— Mimi naitwa Vaileth, alisema Mama Sunday, akimimina kahawa. Miaka kumi na moja nipo hapa. Nasema tu, kama kuna anayetaka kujua.

Geresoni alisimama, akafunga vifungo vya koti.

— Ambwene, washa pikipiki.

— Na mvua hii?

— Wewe si ulisema nitachukuliwa? Nichukue.

Walifika Isongole wamelowa hadi soksi. Geresoni alikuwa amekiweka kitabu tumboni, ndani ya ule mfuko wa nailoni. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi Atupakisye, wifi yake Mama Erasto, mwenye umri unaokaribia tisini, akamkuta jikoni anachambua mbegu za viazi. Alimsalimu kwa Kinyakyusa, akapiga magoti kama alivyofundishwa utotoni, kisha akauliza.

Bibi aliacha kuchambua.

— Tupokigwe, alisema. Alikuwa anaitwa Tupokigwe. Akalirudia taratibu, kama anayejaribu iwapo bado linatamkika. Tangu tumzike, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza.

Geresoni alimfungulia ukurasa, akamsomea majina ya vijito vyote sita, akamweleza kwamba sasa vimo kitabuni na vitasomwa vyuoni. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akiwa na kiazi mkononi.

— Hivyo ni vya karibu, alisema. Hivyo alikuwa akiwaonyesha watoto, msije mkapotea. Tulivyokuwa tukichotea maji sisi wakubwa ni tisa kwa jumla.

Geresoni alimtazama Ambwene mlangoni, halafu akatazama kitabu. Akavua koti lililolowa, akavuta gunia tupu, akaketi juu yake. Alifungua kurasa za mwisho, zile nyeupe zisizoandikwa kitu, akaomba kalamu ya Ambwene, na juu kabisa akaandika Tupokigwe.

— Haya, mama, alisema. Nitajie hivyo vitatu. Na waliokuwa wakienda kuchota naye, niambie majina yao.