Bati Ishirini na Moja za Mkalimani Restituta

Baba Paroko, mheshimiwa mgeni wetu, ndugu, majirani na waombolezaji wote, mimi ni Gabrieli, mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu watoto wake hawawezi, mimi nikaonekana naweza kwa kuwa sijalia tangu juzi, machozi yenyewe hayaji, sijui yamekwama wapi.

Dada yetu Restituta Gelasius Malale alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 hapa hapa Mamba, mtoto wa pili kati ya sita wa mzee Gelasius Malale na mama Marsela, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akafaulu, ila hakuendelea, nyumbani walihitaji mikono ya kupandikiza mpunga. Tarehe 10 Juni 1989 alifunga ndoa takatifu na Hezron, Mungu akawajalia watoto watatu, Sikujua, Mary na Wiliam, Hezron akatutoka mwezi Machi 2009.

Kazi yake mnaijua nyie wote, alikuwa mkulima, na tangu mwaka 1994 alikuwa mkalimani, akiwageuzia wazee wetu mahubiri ya Kiswahili kwa Kipimbwe, bila malipo na bila kuongeza chumvi, mpaka bibi zetu wakawa wanasema kwamba kama Restituta hajalisema, basi halijasemwa.

Hapa ipo aya ambayo kamati ya mazishi iliniomba jana niiruke, kwa heshima ya mgeni. Lakini marehemu mwenyewe aliitamka, Mary akaiandika, akiwa na akili timamu, kwa hiyo naisoma.

Tarehe 19 Septemba 2015 mgombea alikuja kitongojini kwetu kuomba kura, akataka mkalimani, wakamwita yeye, naye akawageuzia wazee kwamba wapandishe boma la zahanati kwa nguvu zao, bati ataleta mgombea kabla ya mvua za mwaka unaofuata. Watu wakafyatua tofali, kina mama wakabeba maji kichwani, boma likasimama Juni 2016, mgombea alishashinda na kwenda zake, akarudi mwaka 2020 kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, safari hiyo dada akakataa kupanda jukwaani, na bati hatujaziona hadi leo.

Hakuna aliyemfuata mheshimiwa, nani angempata? Walimfuata dada, kisimani, shambani, hata mlangoni mwa kanisa, wakimuuliza, wewe Restituta, bati ziko wapi, na mzee mmoja akaacha kuitikia salamu yake, jambo lililomuuma kuliko yote. Ameandikisha kwamba yeye hakusema uongo, ila uongo ulipita mdomoni mwake, na anawaomba radhi.

Tangu mavuno ya mwaka 2017 alikuwa akinunua bati, mwaka huu mbili, mwaka ule nne, mwaka mwingine hapati kitu, akazipanga chumbani kwake, na jiko lake mnaliona pale, ni la nyasi. Zimefika ishirini na moja. Fundi anasema boma linataka themanini.

Presha ilimwanza mwaka 2022. Tarehe 3 Februari 2025 alianguka akipalilia, tukampakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na Sikujua, wakalipita boma, barabara ikiwa tope tupu, wakafika hospitali Mpanda jioni, na tarehe 5 saa nne asubuhi akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya walichoweza, majirani waliochimba kaburi kwenye matope, wanakwaya wenzake, dereva aliyekataa nauli, na mheshimiwa kwa turubai hili tulilokaa chini yake, ambalo nimeambiwa linarudi leo jioni.

Bati hizo familia inazikabidhi leo kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ratiba inaonyesha kwamba baada yangu atasema mheshimiwa, na kamati imeuliza nani atawageuzia wazee. Tumeuliza ukoo mzima tangu asubuhi, na hakuna aliyekubali.

Dada, mdomo wako sasa ni wako peke yako. Pumzika kwa amani.